Antoinette Brown Blackwell na Hesabu ya Jinsi katika Nadharia ya Mageuzi

Mjadala kati ya ufeministi na taaluma inayoeleza akili na mwenendo wa binadamu kwa misingi ya mageuzi husemwa kwa kawaida kuwa ulianza mwaka 1975, Edward O. Wilson alipochapisha kitabu chake cha soshobayolojia. Sura ya mwisho ya kitabu hicho, iliyomgusa binadamu, ndiyo iliyowasha moto. Taaluma iliyorithi hoja zake, ambayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 imejulikana zaidi kwa jina la saikolojia ya mageuzi, imeendelea kushutumiwa na wanaufeministi wengi kwamba huuvika mfumo dume vazi la sayansi. Hata hivyo, kuanzia hapo ni kuanza katikati ya kisa. Miaka mia moja kabla ya Wilson, yaani mwaka 1875, shirika la Putnam la New York lilitoa kitabu kilichochunguza jinsi ya kike na ya kiume katika maumbile yote, tangu mimea hadi binadamu, kwa nia ya kuwasahihisha Charles Darwin na Herbert Spencer. Mtunzi wake, Antoinette Brown Blackwell, hakuwa na maabara wala kiti katika chuo chochote. Alikuwa mchungaji aliyeacha kanisa lake na mama aliyekuwa akilea mabinti watano.

Kiswahili cha kitaaluma kina maneno mawili ambayo yangemfaa sana: jinsi, kwa maana ya tofauti ya kimaumbile kati ya kike na kiume, na jinsia, kwa maana ya majukumu na thamani ambazo jamii huzipachika juu ya tofauti hiyo. (Mitaani maneno haya huchanganywa, na si mitaani tu.) Blackwell na wapinzani wake walikuwa na neno moja kwa mambo yote mawili, na sehemu kubwa ya ugomvi wao ilizaliwa humo.

Kutoka Henrietta hadi mimbarini

Antoinette Louisa Brown alizaliwa tarehe 20 Mei 1825 huko Henrietta, jimbo la New York, katika familia ya wakulima ya Joseph Brown na Abigail Morse. Eneo hilo la karibu na mji wa Rochester lilipitiwa na mawimbi ya uamsho wa dini, hasa mahubiri ya Charles Finney, na mtoto huyo alikiri imani yake mbele ya kanisa la Wakongregeshonali akiwa na umri wa miaka tisa hivi. Alifundisha shule kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1846 akaingia Chuo cha Oberlin katika jimbo la Ohio. Chuo hicho kilikuwa kimewafungulia milango wanawake na Wamarekani Weusi tangu miaka ya 1830, jambo lililokuwa nadra mno wakati huo. Lakini kufunguliwa mlango si kukaribishwa sebuleni. Wanafunzi wa kike walitarajiwa kusikiliza midahalo ya wenzao wa kiume, si kushiriki. Ndipo Brown na rafiki yake Lucy Stone walipounda kikundi cha siri cha wanawake ili wafanye mazoezi ya kusema.

Alipomaliza kozi ya fasihi mwaka 1847 aliomba kusoma theolojia. Aliruhusiwa kuhudhuria masomo, Finney yule yule akiwa miongoni mwa walimu wake, lakini alipoyakamilisha mwaka 1850 hakupewa shahada. Kilichobaki kutoka miaka hiyo, na ambacho kina uzito mkubwa kwa makala haya, ni insha aliyoichapisha mwaka 1849 katika jarida la chuo kuhusu maneno ya Mtume Paulo yanayowaagiza wanawake wanyamaze kanisani. Mwanafunzi huyu hakuyakana maandiko, wala hakudai kwamba Paulo alikosea. Alirudi kwenye maneno yenyewe na mazingira yake, akajenga hoja kwamba kilichokatazwa kilikuwa usemi wa ovyo unaovuruga ibada, si kila usemi wa mwanamke. Kwa maneno mengine, aliikubali mamlaka ya matini na kuipinga tafsiri iliyozoeleka. Mbinu hiyo aliitumia tena robo karne baadaye, safari hii matini ikiwa kitabu cha Darwin.

Mwezi Oktoba 1850 alihutubia mkutano wa kwanza wa kitaifa wa haki za wanawake uliofanyika Worcester, Massachusetts. Miaka iliyofuata aliishi kwa kuhutubia, akitetea kukomeshwa kwa utumwa, kupigwa vita kwa ulevi na haki za wanawake. Tarehe 15 Septemba 1853 kanisa dogo la Wakongregeshonali la South Butler, jimbo la New York, lilimwekea wakfu kuwa mchungaji wake, huku mahubiri ya siku hiyo yakitolewa na Luther Lee, mhubiri wa Wamethodisti wa Kiwesley. Kwa tukio hilo huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kuwekewa wakfu katika dhehebu kubwa la Kiprotestanti nchini Marekani. Mwanzoni mwa mwezi huo huo alikuwa amepanda jukwaa la mkutano wa kupinga ulevi jijini New York, akiwa na haki zote za mjumbe, na wajumbe wa kiume wakamzomea mpaka akashindwa kusema.

Uchungaji wenyewe haukudumu hata mwaka mmoja. Afya yake ilidhoofika, na zaidi ya afya, mafundisho ya adhabu ya milele, hasa yalipowahusu watoto wachanga, yalimshinda kuyahubiri. Mwaka 1854 aliondoka South Butler, na mwaka uliofuata akafanya kazi miongoni mwa wafungwa na mafukara wa jiji la New York, akiandika habari zao katika gazeti la Horace Greeley.

Nyumba, vitabu na barua

Tarehe 24 Januari 1856 aliolewa na Samuel Blackwell, mfanyabiashara. Lucy Stone alikuwa ameolewa na Henry, nduguye Samuel, mwaka mmoja kabla, na hivyo marafiki wa Oberlin wakawa watu wa ukoo mmoja. Mawifi zake walikuwa Elizabeth Blackwell, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari nchini Marekani, mwaka 1849, na Emily, daktari pia. Ni ukoo ambao ungetosha kumfanya mtu yeyote aamini kwamba akili haikugawiwa kwa jinsi.

Ndani ya ukoo huo Antoinette alikuwa upande wa kulea. Alizaa watoto saba, wawili wakafa wachanga, na mabinti watano wakakua. Safari za kuhutubia zilipungua, na badala yake akajiwekea saa chache za kusoma na kuandika kila siku. Haifai kumwona kuwa mwanamapinduzi katika kila jambo. Katika mkutano wa haki za wanawake wa mwaka 1860, Elizabeth Cady Stanton alipotaka sheria za talaka zilegezwe, Blackwell alisimama kumpinga akishikilia kwamba ndoa ni kifungo cha kudumu. Katika vitabu vyake vya sayansi pia, mwanamke anayezungumziwa ni zaidi ya yote mama.

Kitabu chake cha kwanza cha aina hiyo, kilichohusu masuala ya jumla ya sayansi, kilitoka mwaka 1869. Alimpelekea Darwin nakala. Darwin alijibu kwa adabu na kushukuru, ila katika barua hiyo alimwamkia kama anavyoamkiwa mwanamume. Mwaka huo huo John Stuart Mill alichapisha kitabu chake kuhusu kutiishwa kwa wanawake. Mill alishikilia kwamba hakuna awezaye kujua maumbile ya mwanamke yakoje maadamu mwanamke hajawahi kuonekana nje ya hali ya kutiishwa, na kwa hiyo hoja ya maumbile haina nafasi katika kuamua haki zake. Tahadhari hiyo ilikuwa na nguvu kubwa ya kimantiki. Blackwell hakuifuata. Kwake maumbile yalikuwa kitabu kingine kilichosomwa vibaya, na dawa ya usomaji mbaya ilikuwa kusoma upya.

Kukosoa hesabu

Sababu ya kufanya hivyo ilimjia mwaka 1871, Darwin alipochapisha kitabu chake kuhusu asili ya binadamu na uteuzi wa kijinsi. Darwin alidai kwamba madume, kwa kushindana wao kwa wao na kwa kutafuta majike, walijipatia nguvu, ujasiri na hatimaye uwezo mkubwa zaidi wa akili. Ushahidi wake kwa upande wa binadamu ulikuwa orodha za watu mashuhuri katika ushairi, uchoraji, muziki, historia, sayansi na falsafa: ukiziweka za wanaume na wanawake sambamba, alisema, hazilingani. Aliongeza kwamba ni bahati kuwa mamalia hurithisha sifa kwa watoto wa jinsi zote mbili, la sivyo mwanamume angemzidi mwanamke kwa akili kama tausi dume anavyomzidi jike kwa manyoya. Mwaka 1873 Spencer akafuata kwa hoja ya uchumi wa nguvu: mwili wa mwanamke huacha kukua mapema ili kuweka akiba kwa ajili ya uzazi, na ubongo hulipia gharama hiyo. Mwaka huo huo daktari Edward Clarke wa Boston alitumia hoja za namna hiyo kuonya kwamba elimu ya juu huwaharibu wasichana vizazi vyao.

Kauli ya Clarke inaonyesha kwamba jambo hili halikuwa la nadharia tupu. Milango ya vyuo ilikuwa ndiyo kwanza inafunguka, na mabinti wa Blackwell walikuwa katika umri wa kwenda shule. Wazee wa kanisa walikuwa wamewanyamazisha wanawake kwa jina la Paulo. Sasa wanasayansi, ambao wengi wao hawakuwa na haja na Paulo, walifikia hukumu iyo hiyo kwa jina la mageuzi.

Kitabu cha 1875 ni mkusanyo wa insha, baadhi yake zikiwa zimekwisha kutoka katika gazeti la Lucy Stone na katika jarida maarufu la sayansi lililochapishwa New York. Msingi wake ni kuikubali nadharia ya mageuzi bila kusita. Blackwell alikiri kwamba kwa elimu hakuweza kulingana na Darwin wala Spencer. Hata hivyo alidai kwamba mwanamke ana mahali pa kutazamia ambapo wao hawawezi kusimama, na kwamba kunyamaza kwake hapo kungekuwa hasara kwa sayansi yenyewe.

Kosa alilolitaja lilikuwa la kihesabu. Darwin alizifuatilia kwa makini pembe, rangi, ukubwa wa mwili na ukali wa dume kama mali iliyochumwa na kurithishwa, lakini hakumfungulia jike daftari la namna hiyo. Kutunga mayai, kubeba mimba, kutoa maziwa, silika ya kulea na ustahimilivu vilichukuliwa kuwa vitu vilivyokuwapo tu, kana kwamba havikuwa na historia ya mageuzi. Vivyo hivyo Spencer aliona gharama ya uzazi kwa jike, asione kwamba dume naye hutumia nguvu zake katika mapigano, mapambo na mbio. Blackwell alikubali uchumi wa nguvu, akaugeuza: kila jinsi ina matumizi yake, na jumla ya matumizi hayo hulingana. Alipanga jedwali kwa kila kundi la viumbe, wakiwamo wadudu, samaki, ndege, wala-nyasi, wala-nyama na binadamu, akiwapa dume na jike alama za kuzidi na kupungua kwa kila sifa. Jike wa wadudu huzidi kwa ukubwa wa mwili, dume wa wala-nyama huzidi kwa nguvu. Mwishoni mwa kila jedwali mizani husimama sawasawa.

Kutoka hapo alivuka hadi jikoni. Ikiwa maumbile yamempa mama ulezi wa moja kwa moja, yaani mimba na maziwa, basi fungu la baba ni ulezi wa kupitia chakula na ulinzi. Na mtu mwenye fungu la chakula hana sababu ya kukwepa kukitayarisha. Hapa hoja ya maumbile, iliyozoea kumfunga mwanamke jikoni, inatumika kumwingiza mwanamume humo. Wasomaji wa mwaka 1875 walihitaji muda kuimeza hoja hiyo, na si hakika kwamba wa leo wamekwisha kuimeza.

Upungufu wa kitabu hiki hauhitaji kufichwa. Alama za majedwali hazikutokana na vipimo; ni makadirio ya mtu aliyekwisha kujua jumla anayoitaka. Blackwell aliamini, kama Darwin alivyoamini kwa kiasi fulani, kwamba sifa zilizochumwa maishani hurithishwa, jambo ambalo jenetiki imelikataa. Alikubali kwa wepesi mno kwamba akili ya mwanamke huelekea hisia za haraka na ya mwanamume hufuata fikra dhahania, akatosheka kuziita sawa kwa thamani. Zito kuliko yote ni kwamba alizifunga haki za mwanamke kwenye matokeo ya hesabu. Kama siku moja mizani ingeonekana kuelemea upande mmoja, je, haki nazo zingepungua? Mill alikuwa ameikwepa hatari hiyo. Ufeministi wa karne ya ishirini kwa sehemu kubwa ulimfuata Mill, ukakaa mbali na biolojia, na kwa kufanya hivyo ukawaachia wengine daftari lile lile waendelee kuliandika. Kati ya kosa la Blackwell na tahadhari ya Mill, ni vigumu kusema lipi lililogharimu zaidi.

Kitabu chenyewe hakikutikisa chochote. Mwezi Januari 1882 Darwin, akijibu barua ya Caroline Kennard wa Massachusetts, bado alishikilia kwamba wanawake wako chini kwa akili ingawa wanazidi kwa wema, bila dalili yoyote kwamba hesabu yake ilikuwa imekosolewa. Eliza Burt Gamble, aliyeandika juu ya mageuzi ya mwanamke mwaka 1894, alichukua njia nyingine na kudai kwamba jike ndiye aliye bora. Blackwell hakupata kudai hivyo, usawa ulimtosha.

Suala lake lilirudi kwa njia ambayo asingeitabiri. Mwaka 1948 Angus Bateman alitangaza, kutokana na majaribio juu ya nzi wa matunda, kwamba dume hufaidika kwa kupanda majike wengi ilhali jike hafaidiki hivyo. Robert Trivers aliijenga nadharia yake ya gharama za wazazi ya mwaka 1972 juu ya msingi huo, na saikolojia ya mageuzi ikajengwa juu ya Trivers. Patricia Gowaty na wenzake waliporudia jaribio la Bateman mwaka 2012, walionyesha kwamba njia yake ya kutambua wazazi iliacha baadhi ya watoto nje ya hesabu. Kabla ya hapo Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani wa Amboseli nchini Kenya, alikuwa ameeleza mwaka 1974 namna ya kumfuatilia kila mnyama kwa muda uliopangwa, ili mapigano ya madume yanayovuta macho yasimeze mwenendo wa kimya wa majike. Sarah Blaffer Hrdy, aliyechunguza tumbili wa Abu nchini India, alionyesha mwaka 1981 kwamba jike wa jamii za nyani na tumbili ni mshindani na mpanga mikakati kwa nafsi yake. Katika kitabu chake cha 1999 kuhusu umama, alimrudisha Blackwell katika historia ya taaluma hiyo. Aidha, karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, Kristen Hawkes na wenzake walipima chakula kinacholetwa na kila mtu katika kambi za Wahadzabe, wakaonyesha mwaka 1997 kwamba mama anyonyeshapo mtoto mchanga, hali ya watoto wake wakubwa huambatana na kazi ya bibi yao ya kuchimba mizizi. Bibi hakuwamo katika jedwali la Darwin wala la Blackwell.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1881 Blackwell alichaguliwa kuwa mwanachama wa chama kikuu cha Marekani cha kuendeleza sayansi. Oberlin, iliyomnyima shahada mwaka 1850, ilimpa shahada mbili za heshima, ya uzamili mwaka 1878 na ya udaktari wa theolojia mwaka 1908. Tangu mwaka 1878 alitambuliwa kuwa mchungaji wa Waunitari, na katika uzee wake alisaidia kuanzisha kanisa lao katika mji wa Elizabeth, New Jersey, alikoishi. Lucy Stone alifariki mwaka 1893, Samuel mwaka 1901. Aliendelea kuandika: falsafa ya nafsi mwaka 1893, mashairi mwaka 1902, na vitabu viwili zaidi mwaka 1914 na 1915, akiwa amekaribia miaka tisini.

Mwezi Agosti 1920 katiba ya Marekani iliwapa wanawake haki ya kupiga kura. Kati ya waliokutana Worcester mwaka 1850 huhesabiwa kuwa ni yeye peke yake aliyekuwa hai kuiona siku hiyo. Tarehe 2 Novemba 1920, akiwa na umri wa miaka 95 na macho yake yamekwisha kufifia, alipelekwa kituoni akapiga kura. Alifariki mjini Elizabeth tarehe 5 Novemba 1921.